Baba alianguka akiwa na miaka 54. Je, zamu yangu inakuja?

Swali: "Hujambo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nauza mitumba soko la Kibuye. Baba alianguka bafuni alfajiri akiwa na miaka 54 na hakuamka tena. Shangazi yangu, dada yake baba, alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, bado yuko hai. Mwaka huu kaka yetu wa kwanza, miaka 45, amepooza upande wa kulia. Nyumbani wazee wanasema kuna mkono wa mtu, wengine wanasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mimi nimepimwa presha mara moja tu, ikatoka 138 kwa 88, nikaambiwa niko sawa. Lakini usingizi sipati. Je, zamu yangu inakuja? Na kama ugonjwa uko kwenye damu yetu, mboga na kutembea kutanisaidia nini?"

Jibu: Sijambo, dada yangu, na pole sana kwa kaka. Kwanza nisahihishe jambo dogo: mimi si daktari, ni muuguzi. Nimekaa kwenye kliniki ya presha na sukari hapa Kisumu miaka 19, wagonjwa huniita daktari hata nikikataa, kwa hivyo nimezoea.

Wengi wanaokuja na hofu kama yako huwa na sentensi moja tu: "Kwetu kuna presha." Wewe umenipa umri. Baba 54, kaka 45. Kwangu mimi hizo namba mbili zinazungumza kuliko hata hiyo 138 kwa 88. Kiharusi au ugonjwa wa moyo ukimpata mzee wa miaka 80 hauniambii mengi kuhusu watoto wake, maana mishipa ya miaka 80 imeshachoka kwa kazi. Lakini ukimpata baba au kaka kabla ya 55, au mama au dada kabla ya 65, hapo tunapiga mstari chini yake kwenye faili. Kwenu wamepatwa wawili, wote kabla ya 55. Shangazi yuko hatua moja mbali zaidi, ila ametoka upande huo huo wa baba, na sukari na presha hupenda kutembea pamoja.

Kwa hivyo sitakudanganya: damu yenu ina kitu. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye sukari ya ukubwani, uwezekano wake wa kuipata huwa mara mbili hadi tatu ya mtu ambaye kwao haipo. Presha nayo hufuata ukoo. Neno ninalolikataa ni "zamu". Zamu ni ya mferejini: ukishapanga mtungi kwenye foleni, lazima ufike mbele. Huu ugonjwa haupangi watu hivyo. Ulichorithi ni sababu ya kuanza kupimwa mapema kuliko jirani yako wa kibandani, na kupimwa sawasawa.

Aliyekuambia uko sawa hakukosea. Tunasema presha imepanda ikifika 140 kwa 90 kwenda juu, na iwe imeonekana hivyo siku mbili tofauti. Yako iko chini ya hapo. Ila 138 kwa 88 ni kusimama kizingitini, na mama wa miaka 38 ambaye kwao hakuna aliyeanguka ningemwambia tuonane mwakani. Wewe nakuambia wiki hii, na wiki ijayo tena, halafu kila miezi mitatu mpaka tuijue tabia ya presha yako.

Tena sijui ulipimwaje. Nimeona mtu anashuka kwenye boda, anapanda ngazi, anaketi huku akijibu simu, anavishwa mkanda juu ya sweta, namba inaandikwa. Hicho ni kipimo cha boda, si cha mtu. Kaa kimya dakika tano kwanza. Egemea kiti, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Mkono uwe juu ya meza usawa wa kifua, mkanda uguse ngozi. Nenda haja ndogo kabla, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba, na chai au kahawa iwe umekunywa zaidi ya nusu saa iliyopita. Wapime mara mbili, wapumzike dakika moja katikati. Ukiona foleni ya hospitali ni ndefu na biashara inakungoja, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kazi yao ni kuja mlangoni kwako. Wengi hapa mjini hawamjui wa kwao. Muulize mzee wa mtaa.

Hukusema chochote kuhusu sukari yako, na hilo limenishtua kidogo ukiwa na shangazi kama huyo. Nenda asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Ikitoka 7.0 au zaidi, na ikarudia siku nyingine, hiyo ni sukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko kizingitini, kama kwenye presha. Na kuna jambo ambalo wanawake husahau kabisa kuniambia: mimba zako tatu zilikuwaje? Ulipata presha ya mimba? Uliambiwa una sukari ukiwa mjamzito? Kuna mtoto aliyezaliwa na zaidi ya kilo nne? Mama akishajifungua salama hufunga ukurasa, ilhali mimba yenye presha au sukari ni mwili unaokuonyesha mapema mahali ulipo dhaifu.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo ndilo zito: kama liko kwenye damu, mboga zitafanya nini?

Kuna utafiti uliofanywa kwa watu wa huku huku kwetu, na nashangaa hauzungumzwi zaidi. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuata Waluo zaidi ya 300 waliotoka vijijini karibu na ziwa kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Kijijini presha za watu zilikuwa chini. Waliohama, presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo mjini. Mkojo wao ulipopimwa, chumvi ilikuwa imeongezeka ukilinganisha na potasiamu, ile ya mboga na matunda. Uzito ulipanda, mapigo ya moyo yakaenda mbio zaidi. Damu ilikuwa ile ile waliyoondoka nayo kijijini. Kilichobadilika ni sufuria, na kazi, na siku yenyewe ilivyokwenda.

Kwa sukari kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002. Walichukua zaidi ya watu 3,000 waliokuwa kizingitini, wengi wao wakiwa na mzazi au ndugu mwenye sukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi la pili lilipewa vidonge vya metformin, dawa ya sukari, la tatu vidonge visivyo na dawa. Baada ya karibu miaka mitatu, waliotembea na kupunguza uzito walipata sukari kwa asilimia 58 chini ya wale wa vidonge vitupu. Metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia saba ni kilo tano na nusu hivi. Hakuna aliyeambiwa awe mwembamba kama mwanamitindo.

Nikusimulie cha kwangu. Mama yangu alikuwa na presha, na alipika kwa kiganja. Anachota mchuzi kwa mwiko, anaudondosha kwenye kiganja, analamba, anatikisa kichwa, anaongeza chumvi. Omena akishazikaanga na nyanya na kitunguu, anatia chumvi, halafu pakiti ya viungo vya mchuzi, ambayo nayo imejaa chumvi, halafu kikopo cha chumvi kinakaa mezani ili baba aongeze. Siku moja, nikiwa na miaka 34 na presha yangu imeshafika 150 kwa 95, nilijikuta jikoni kwangu nikilamba kiganja. Nikatikisa kichwa vile vile. Nikaongeza. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimerithi damu ya mama, ndiyo, lakini kiganja nacho nilikuwa nimekirithi, na hicho ndicho ambacho ningeweza kukifanyia kitu.

Tangu siku hiyo ninapomuuliza mgonjwa habari za kwao siulizi magonjwa tu. Nauliza mlikula nini, nani alipika, chai ilikuwa na vijiko vingapi, baba alikuwa akinywa, nani alikuwa akivuta. Ndugu wanaofanana presha mara nyingi wamefanana sufuria pia.

Ya kwako ipime hivi. Ukifungua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika, kwa vyakula vyote. Watu wanne kwa gramu 5 ni gramu 20 kwa siku, kwa hivyo nusu kilo inapaswa kufika siku 25, na watoto wanahitaji hata chini ya hapo. Ikiisha siku ya 12, mnakula maradufu, tena kabla ya kuhesabu mkate, viungo vya pakiti na chipsi za Kibuye. Usikate yote siku moja, watoto watasusa chakula. Punguza robo, kaa wiki tatu, punguza tena. Ulimi hujifunza. Ondoa kikopo mezani leo, hilo halihitaji subira. Weka ndimu badala yake, na pilipili kwa anayependa. Na magadi unayotia kwenye mboga za kienyeji ili zilainike, hiyo pia ni sodiamu, ingawa haina ladha ya chumvi. Mrenda utateleza hata kwa magadi kidogo, na mnavu au saga ukichemsha na kumwagia maziwa utasahau kama kulikuwa na magadi.

Kwenye chai sina upole. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, kila kijiko gramu 4: hizo ni gramu 48 kabla hujagusa soda. Shirika hilo hilo linataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana 25. Kuhusu ugali wa wimbi na mtama, naupenda na ninaupika, lakini watu wameugeuza dawa. Wananiletea sukari ya 14 wakiapa kwamba wanakula ugali wa kahawia pekee. Nauliza ukubwa, wananionyesha kwa mikono miwili. Ugali ni ugali, ngumi yako moja yatosha, nusu ya sahani iwe mboga.

Na wewe unakaa kwenye kigoda tangu saa kumi na mbili asubuhi. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa siku tano. Shuka kwenye boda kabla ya kufika, au usiipande kabisa asubuhi. Kila kilo unayopunguza hushusha presha kwa karibu namba moja, na chumvi ikipungua inashuka zaidi, kwa hivyo ile 138 yako haiko mbali na mahali pazuri. Muuza nguo hakosi utepe wa kupimia: zungushia kiuno usawa wa kitovu. Mwanamke akizidi sentimita 80, mafuta ya tumboni yameanza kuleta shida hata kama wateja wanamsifu.

Sasa kuna kazi ambayo mimi siwezi kukufanyia, nayo ni kuuliza.

Tafuta kijitabu cha mazishi ya baba, najua kipo kwenye kabati fulani. Kitakuwa na picha, shule alizosoma, kanisa, kazi, majina ya watoto na wajukuu kwa mpangilio, halafu mstari mmoja: alitutoka ghafla. Au kama aliugua: baada ya kuugua kwa muda mfupi. Huku kwetu marehemu hupewa kurasa nane na ugonjwa wake hupewa maneno matatu. Tunawapa watoto majina ya hao wazee, mtoto analia usiku mpaka apewe jina la nyanya aliyelitaka, lakini kilichomuua nyanya hatumwambii.

Ukienda kwa mzee ukamuuliza, "Babu alikufa kwa ugonjwa gani?" atakujibu alizeeka, au walimfanyia. Usiulize jina la ugonjwa, maana hakuna aliyempa. Uliza siku zake zilivyokuwa. Alikuwa akiamka mara ngapi usiku kukojoa? Sisimizi walikuwa wakijaa alipokojoa? Alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona? Mdomo ulipinda, ulimi ukawa mzito? Miguu ilivimba, akawa analala ameketi kwa kukosa pumzi? Macho yalififia polepole bila maumivu, akawa anagonga vitu vilivyo pembeni? Hiyo ya mwisho yaweza kuwa presha ya macho, ambayo nayo hutembea kwenye familia na haina dalili mpaka imeshaharibu. Kama ipo kwenu, macho yapimwe hata kama unasoma vizuri. Na chakula kilikuwa kikimkwama kooni? Saratani ya koo la chakula iko nyingi Magharibi na Bonde la Ufa. Pombe na tumbaku zinaichochea, na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda nacho kinachangia. Kwa hivyo ile chai tunayoipuliza na kuimeza ikiunguza, tuiache ipoe kidogo. Nimeacha kusema hili mbele ya wakwe zangu.

Umri nao mzee hana. Usimwulize mwaka, muulize tukio. Babu alikufa Tom Mboya alipouawa, au baadaye? Hiyo ni 1969. Kabla ya jaribio la mapinduzi la 1982? Jaramogi alipozikwa mwaka 1994, nyanya alikuwepo? Ukishapata tukio, uliza kama alikuwa na wajukuu, kama alikuwa bado analima mwenyewe, utakaribia umri wake vya kutosha.

Usiulize kwenye matanga. Siku hizo kila swali la ugonjwa linasikika kama shtaka, hasa mahali ambapo tayari kuna maneno ya mkono wa mtu. Nenda siku ya kawaida, keti na shangazi, mchambue mboga pamoja. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Muulize kidonda chake kilianza vipi. Nakuhakikishia hakikuanza kikubwa. Wengi huniambia ni mwiba, au kiatu kilichobana, au maji moto ambayo mguu haukuyasikia. Wapeleke na wanao wasikie. Mtoto aliyemsikia nyanya yake akieleza kwa nini ananunua viatu jozi na kuvaa kimoja hahitaji hotuba yangu kuhusu soda.

Kuna mambo mawili ya ukoo ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini. La kwanza, mjane alirithiwa, na watoto waliozaliwa baadaye wakahesabiwa wa marehemu. Ukoo unahesabu hivyo na una haki yake. Kliniki hutafuta baba wa damu. Huna haja ya kufichua jambo mbele ya watu. Shangazi ataelewa unachouliza, ataangalia kando, atajibu. Vilevile ndugu wa nyumba ya mke wa pili wamechangia nanyi baba tu, hivyo magonjwa ya upande wa mama yao hayakuhusu.

La pili linaumiza zaidi. Katika miaka ya tisini, kabla ya dawa za ARV kuenea, ukimwi ulipita kwenye boma za ukanda huu wa ziwa ukachukua watu wa miaka 30, 35. Mtu aliyekufa na miaka 32 hakufika umri wa presha kujionyesha. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia kwa fahari "kwetu hakuna sukari," namuuliza wazee wao waliishi miaka mingapi, na kama kuna aliyewahi kuwapima. Mara nyingi kimya kinafuata. Ukoo usio na habari si ukoo usio na ugonjwa.

Tena si kila kinachorudiarudia nyumbani ni cha kuzaliwa nacho. Homa ya ini ya B hutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaa, ikakaa kimya miaka mingi, ikaishia kuwa saratani ya ini kwa ndugu wawili watatu, na watu wakasema ukoo umelaaniwa. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2001, kwa hivyo wewe na kaka zako mlizaliwa kabla yake. Kuna kipimo cha damu, na asiye nayo anaweza kuchanjwa hata ukubwani.

Wazee wako sitabishana nao. Mimi ni mtu wa huku, najua chira ni nini, najua mtu akivunja mwiko halafu akaanza kukonda nyumba nzima inajua pa kutazama. Kama familia inataka kukaa na kusafisha nyumba, kaeni. Ninachokataa ni kaka kuacha vidonge ili kwanza jambo la nyumbani liishe. Mtu aliyepata kiharusi mara moja yuko hatarini kupata cha pili, na presha isiyodhibitiwa ndiyo inayokiita. Vidonge vya presha humezwa hata siku unayojisikia mzima, hasa siku hiyo, maana ndivyo vinavyokuweka mzima. Na siku ya kikao hicho, watu wote wa boma wakiwa wamekusanyika, muiteni yule mhudumu wa afya aje na mashine yake. Nimeshafanya hivyo katika boma moja upande wa Ahero. Watu 23 walipimwa chini ya mwembe kati ya sala na chakula. Saba walikuwa zaidi ya 140, wawili tu ndio waliojua.

Nimeona hofu ya matanga ikifanya kazi wiki tatu, nne. Watu wanaacha nyama, wanakimbia asubuhi na viatu vipya, kisha mvua inanyesha siku mbili, basi. Wanaodumu hubadilisha kitu kimoja na kukifunga kwenye kitu ambacho tayari wanakifanya. Nina mgonjwa anayefunga kibanda, anatembea mpaka stage ya pili badala ya ya kwanza, kila siku, miaka minne sasa. Hana viatu vya michezo. Mamake alikufa kwa kiharusi na hilo halimpi hofu tena, linampa stage ya pili. Chagua lako. Kwako ningeanza na tarehe kwenye pakiti ya chumvi, kwa sababu haigharimu shilingi na inawagusa watoto bila wao kuambiwa lolote.

Watoto wenyewe usiwatishe na hadithi ya zamu. Wapike na wewe. Ila kama kwenu au kwa baba yao kuna mtoto aliyekuwa akilia mifupa, akiongezewa damu mara kwa mara, macho yakigeuka manjano, wapimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukanda wetu wa malaria una wengi waliobeba nusu yake bila kujua, na wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kupata mtoto mgonjwa. Ni vyema mtoto ajue hali yake kabla ya kufikia umri wa kuleta mchumba nyumbani.

Ukija kliniki, njoo na daftari lenye majina ya watu wako, kila mmoja na umri wake alipougua na dalili zake kwa maneno ya shangazi vile vile alivyoyasema. Njoo pia na pakiti za dawa za kaka, hata zilizoisha. Na kile kijitabu cha mazishi ya baba, kabla hujakirudisha kabatini, chukua kalamu. Kando ya "alitutoka ghafla" andika: miaka 54, alfajiri, bafuni. Kama hakuwahi kupimwa presha, andika na hilo.